Kikundi cha ngoma cha akina mama tulichokikodi kwa sendofu, Mbeya

Watu wengi waliokuwa ukumbini wameniuliza hawa akina mama wanapatikana wapi na bei yao ikoje, kwa hiyo naandika hapa kila mwenye sherehe asome. Jibu fupi: wakodi. Kama unamuaga binti Mbeya mjini, Tukuyu, Kyela au hata Tunduma, na mfuko unaruhusu burudani moja tu, acha matarumbeta, chukua hawa. Jibu refu ndilo linalofuata, maana kuna mambo usipoyapanga mapema utawalaumu bure.

Mimi ni shangazi wa binti na ndiye niliyekuwa mhazini wa kamati. Kaka yangu, baba wa binti, ametangulia mbele za haki, hivyo mambo ya upande wetu yaliniangukia mimi na baba mkubwa. Matarumbeta walitutajia laki sita bila nauli. Hawa akina mama walisema laki nne na nusu, sisi tuwape usafiri wa kwenda na kurudi Uyole, chakula, na maji ya kutosha. Nusu wanachukua siku ya makubaliano, nusu wanapewa kabla hawajapanda gari la kurudi. Walikuja kumi na wanne, na ngoma tatu, filimbi, njuga za miguuni na mabegi mawili ya nguo. Hawana mwanaume hata mmoja, si wa kupiga ngoma wala wa kubeba. Hilo nitalirudia, kwa sababu lilizua maneno.

Bango hawana. Mwenyekiti wao anauza vitenge soko la Mwanjelwa, ukiingia upande wa nguo ukauliza mama wa ngoma utaonyeshwa. Nilidhani nitakwenda kupatana bei nikaondoke. Kumbe yeye ndiye aliyeniweka chini kwenye kigoda akaanza kuniuliza. Binti ni kabila gani? Bwana harusi je? Dini zao? Mama wa binti yupo na baba yupo? Baba mkwe atakuwemo ukumbini au atakuja wakati wa zawadi tu? Nikamjibu yote. Nilipomwambia baba wa binti alifariki, akanyamaza kidogo, akasema, "Pole sana, dada. Ndaga." Kisha akauliza, "Na wifi yako, nyie upande wa marehemu mmeshamvua nguo nyeusi?"

Hakuna MC, mpambaji wala mpishi aliyewahi kuniuliza swali hilo, na nimekaa kwenye kamati nyingi. Hapo ndipo nilipojua hawa wanajua kazi yao.

Swali la baba mkwe nalo si la kupita. Sisi Wanyakyusa tulikuwa na mwiko mkubwa kati ya mke wa mtoto na baba wa mume. Mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, hataji jina lake, akimwona njiani anaacha njia. Godfrey na Monica Wilson, wale watafiti walioishi Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliliandika jambo hili kwa kirefu, lakini mimi sikulijulia kwao. Bibi yangu mzaa baba, mpaka anazeeka, akisikia sauti ya mkwewe uani alikuwa anavuta kanga kichwani mpaka inafunika uso, anasimama hivyo hivyo na ungo mkononi mpaka mzee apite. Leo mabinti wetu wanakaa meza moja na baba mkwe, wanampelekea soda, na mimi sioni ubaya wowote. Lakini kumchezesha binti kiuno mbele ya baba mkwe siku ya kuagwa ni jambo lingine, na wazee wa upande wa pili wakinuna, anayebeba lawama ni mama wa binti, hata kama marehemu mume wake ndiye angepaswa kujibu.

Mwenyekiti akanipangia hivi. Sehemu ya kwanza ifanyike mchana, ya wanawake peke yao, ile ya kumfunda binti. Hapo wacheze kila kitu. Sehemu ya pili ukumbini jioni, na hapo binti ataingia amefunikwa kanga, atafunuliwa kichwa mbele ya mama yake, na hatacheza zaidi ya hatua za kupokea baraka. Watakaocheza ni wao. Nikakubali hapo hapo.

Nilikwenda kuwaona kwenye mazoezi, na nakushauri na wewe uende, wanakaribisha. Wanafanyia uani kwa mmoja wao, Uyole. Kabla ngoma haijapigwa hata mara moja wanakaa kwenye mkeka kufungana vilemba, na kazi hiyo wanaipa muda wake. Kitambaa ni cha pamba nyeupe, kipana, kilichofuliwa mpaka kikalainika. Kipya hawakitaki kwa sababu ya wanga, kinateleza. Anakikunja pembetatu, upande mrefu anauweka juu ya paji la uso, pembe ya nyuma inaning'inia kisogoni. Ncha mbili anazivuta nyuma, anazipishanisha juu ya ile pembe, chini kabisa, pale fuvu linapoingia ndani, anazirudisha mbele na kuzisokota, kisha nyuma tena, fundo. Pembe inakunjwa juu na kuchomekwa. Pini hamna. Masikio wanayaacha nusu nje ili mtu asikie ngoma. Akimaliza anamwambia mwenzake, "Kataa," naye anatikisa kichwa kwa nguvu kushoto na kulia. "Kubali," naye anainamisha mpaka kidevu kiguse kifua. Kikicheza hata kidogo kinafunguliwa, wanaanza upya. Nimeona sherehe nyingi ambapo wachezaji wamevaa vile vilemba vikubwa vya Kinaijeria, vikavu, vya kumeremeta, na wimbo wa kwanza haujaisha mkono mmoja uko kichwani kuzuia. Hawa mikono yao yote miwili ilikuwa huru muda wote.

Juu ya kilemba cheupe ndipo wanajitanda kanga. Na hapa ndipo penye jambo ambalo mimi, pamoja na umri wangu, nilikuwa sijawahi kulitazama sawasawa: ile kanga haikai mahali pamoja. Wanaingia nayo kichwani, ushungi, macho chini, hatua fupi. Binti akishafikishwa kwenye kiti, filimbi inalia, kila mmoja anaivuta kanga kichwani, anaikunja mara mbili hewani na kujifunga kibwebwe kiunoni, kwa mpigo mmoja. Kitambaa kile kile cha kumfichia uso mkwe sasa kimeshika kiuno kwa ajili ya kazi. Mbele ya mama wa binti wanakifungua tena na kukitandika chini apite. Akija mtoto wa mpigaji anampapasa mama yake, wanamfunga mgongoni kwa kanga hiyo kama mbeleko na mama anaendelea kupiga ngoma. Ukikaa karibu na ukaacha kushika simu, unaona maisha ya mwanamke wa kwetu yakipita kwenye kanga moja, binti, mke, mama, mjane, bila mtu kusema neno.

Ngoma wanazocheza ni mchanganyiko, na hilo ni zuri kwa Mbeya yetu yenye watu wa kila mahali. Nguzo yao ni kihoda, ngoma ya wanawake wa ufukwe wa Ziwa Nyasa. Wanapanga mistari, magauni ya sare, filimbi inaongoza, miguu inakanyaga kwa pamoja, mabega yametulia kabisa. Mtu asiyeijua anaona gwaride, na hajakosea. Wanaume wa huko huko ziwani wana mganda, uliokua baada ya Vita Kuu ya Kwanza pale vijana walipoiga gwaride la askari, wakatengeneza tarumbeta za vibuyu na kupeana vyeo vya kijeshi, kapteni huyu, sajini yule. Kihoda ni mstari wa akina mama, na wao walioupanga hawakuomba cheo kwa mtu. Kiongozi wa mistari ni mwanamke mfupi, mkimya, ukimkuta sokoni hutamgeukia. Akiweka filimbi mdomoni mistari miwili inageuka kwa wakati mmoja, na vilemba vyeupe vyote vinageuka, na huwezi kujua yupi ni mke wa mchungaji na yupi anauza ndizi stendi. Nadhani sare ya kichwa ndiyo kazi yake hasa. Nywele zinasema mengi, nani amesuka kwa elfu hamsini na nani hajasuka kabisa. Kilemba kinawasawazisha.

Halafu wana lizombe ya Wangoni wa Songea, na hiyo ndiyo iliyoinua watu vitini. Kwa ing'oma yetu ya Kinyakyusa wanapiga mdundo na kuimba tu, kwa sababu, mwenyekiti anasema, ile ni ya wanaume na wao wanaiazima kwa heshima. Napenda mtu anayejua mpaka wake na kuuchagua mwenyewe.

Sasa yale maneno. Baba mkubwa alipoona akina mama wamekaa nyuma ya ngoma, wameibana katikati ya magoti, alinyanyuka kabisa. Alikulia nyakati ambazo kwao ngoma ilipigwa na mwanaume, na mwanamke alikuwa wa vigelegele. Na hata msibani, kwa mila ya zamani, wanaume walicheza na mikuki na wanawake ndio waliolia. Godfrey Wilson naye aliyaona hayo na kuyaandika. Basi mzee akamfuata mwenyekiti, "Wanaume wenu wako wapi wa kupiga?" Yule mama akapiga goti, "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, tulikuwa nao. Tukialikwa, hela anapokea mpigaji, sisi tunapewa nauli. Tukachanga kila wiki, tukanunua za kwetu. Tuombee tu mikono isichoke."

Mzee alisimama kidogo, akarudi kukaa. Hakusema kitu tena, na lizombe ilipokolea nilimwona anapigisha fimbo yake sakafuni. Nayaandika haya kwa sababu ukiwa na wazee wa namna hiyo kwenye familia yako, waambie mapema kwamba wapigaji ni wanawake. Usiwaache wakutane nalo ukumbini mbele ya wageni.

Kuna watakaouliza habari ya kanisa. Wamoravian walifungua kituo chao Rungwe mwaka 1891, na bibi yangu alipobatizwa aliambiwa aache ngoma, akapewa kitambaa cheupe cha kichwani cha akina mama wa kanisa. Alikipenda kitambaa kile, alizikwa nacho. Ngoma aliiacha kweli, lakini akikoroga ugali miguu ilikuwa haitulii. Nusu ya wanakikundi hawa ni wa kwaya na umoja wa wanawake wa makanisa yao, wengine wana vilemba vya Moravian, wengine vya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na wawili ni Waislamu, wanavaa mtandio ndani na kilemba juu yake, shingo imefunikwa. Mmoja wao ndiye mpigaji wa ngoma kubwa. Ukiwaambia hutaki nyimbo za pombe wala za matusi ya unyagoni mbele ya mchungaji, wanazo nyingine. Niliwaambia, wakatii ukumbini. Mchana, tukiwa wanawake peke yetu, nyimbo zilikuwa za kumfunda mtu mzima, na ndivyo inavyotakiwa.

Mama mkwe wa binti ni mtu wa Tanga. Mwanzoni alikaa wima, mtandio umebana, nikawa na wasiwasi kwamba hapendezwi. Ilipofika ile hatua ya kanga kutoka kichwani kwenda kiunoni aliniinamia, akaniambia wao pwani walikuwa na lelemama, wanawake watupu, vyama na vyama, kila chama na sare yake, na mtu angeuza dhahabu apate sare. Akanieleza vile bibi zake walivyosimulia thamani ya kanga. Wakati wa utumwa kaniki ndiyo ilikuwa nguo ya mtumwa, na Zanzibar ilipofuta utumwa mwaka 1897 wanawake walioachwa huru waliivua wakachukua kanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Kwao kufunika kichwa ilikuwa ni kujitangaza mtu huru. Nikamweleza habari ya bibi yangu na ungo wake, ambaye kujifunika kwake kulikuwa ni kumwogopa mzee. Tulikaa tunalipima jambo hilo, wazazi wawili tuliokuwa hatujawahi kuongea zaidi ya salamu, mpaka pilau ikapoa. Undugu wa familia zetu ulianzia pale, na hakuna meza ya MC iliyoupanga.

Na huyo mama ndiye aliyenikumbusha Bibi Titi Mohamed. Kabla hajaingia TANU mwaka 1955 alikuwa mwimbaji kwenye kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam, na alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani alipita kwenye vikundi hivyo hivyo vya ngoma, kwa sababu huko tayari wanawake walikuwa na viongozi wao, michango yao na sauti zao. Kwa hiyo anayesema kikundi cha ngoma cha akina mama ni mchezo wa sherehe tu, hajui nchi hii ilivyojengwa.

Sasa wifi yangu. Alikuwa bado anavaa mtandio mweusi, mwaka umeshapita, kwa sababu upande wetu ndio wa kutoa kauli na baba mkubwa alikuwa hajaitoa. Baada ya lile swali la Mwanjelwa nilimfuata mzee nyumbani, nikaongea naye, akakubali, akasema nimvue mimi, dada wa marehemu. Mwenyekiti akaiweka katikati ya shughuli ya mchana. Kwenye kikundi yuko bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, yeye peke yake hachezi na kilemba, nywele zake nyeupe ziko wazi. Nilikuwa nimeshamuuliza kwa nini, akanijibu, "Wakwe zangu wote wamekufa, mwanangu. Nimfunikie nani?" Basi huyo bibi ndiye aliyekuja mbele ya wifi, akacheza taratibu, magoti yamekunjwa, mikono imeelekea chini, na wenzake wakaimba kwa sauti ya chini bila ngoma. Mimi nikaufungua ule mtandio mweusi. Fundo lilikuwa limekaza, vidole vinatetemeka, ikachukua muda, na hakuna aliyeharakisha. Nikauweka begani kwangu. Bibi akachukua kanga nyekundu, hakumfunika nayo kichwani, akamfunga kiunoni, akamshika mkono. Wifi yangu, ambaye tangu msiba sikuwahi kuona anainua hata bega kwenye sherehe, alicheza. Binti yake alikuwa analia na kucheka. Kwa hilo peke yake ningelipa hiyo laki nne na nusu mara mbili.

Mabinti, marafiki wa bibi harusi, walikuja wamezoea singeli na amapiano, na wengi hawakuwahi kusikia neno kihoda. Si kosa lao. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipounda wizara ya utamaduni Desemba 1962, aliuliza ni wangapi kati yetu wanaojua kucheza kiduo au lelemama, na wakati ule wengi walijua rumba. Kilichonifurahisha ni kwamba kikundi hakikuwasema wala kuwahubiria. Waliwapa kanga, wakawafundisha kibwebwe, na wale wenye wigi na kucha ndefu walikuwa wa kwanza kupanga mstari. Wawili wameniomba namba ya mwenyekiti kwa ajili ya mazoezi.

Kuna utaratibu wao mmoja ambao wageni hawakuupenda na mimi nausimamia. Hawatuzwi mwilini. Tumezoea mwanaume kunyanyuka na noti, anambandika mchezaji kwenye paji la uso, anaichomeka kwenye kilemba, au mbaya zaidi kifuani. Hawa wanaweka ungo mbele ya ngoma kubwa, hela inaingia humo. Mgeni mmoja alilazimisha kuchomeka elfu kumi kwenye kilemba cha kiongozi, naye akaacha kupuliza filimbi. Mistari yote miwili ikasimama. Akaitoa noti kwa vidole viwili, akaipeleka kwenye ungo, akarudi, akapuliza. MC wetu akaona ni kiburi na akaanza kumtetea mgeni kwenye kipaza sauti. Mwambieni MC wenu mapema. Kichwa cha mwanamke si kisanduku cha sadaka, na nimeona mabinti wa vikundi vingine wakitabasamu huku wamekereka kwa sababu tajiri wa sherehe ndiye aliyemgusa.

Mapungufu wanayo, nayasema wazi. Walichelewa kuanza zaidi ya saa nzima. Sababu ni ngoma: ngozi zinataka joto ili zikaze, na Mbeya ile ya mwezi wa sita, na baridi ile, bila moto hazilii. Ukumbi tuliokodi walikataa moto hata nje ya uzio, tukaishia kuzunguka kutafuta jiko la mkaa na mahali pa kuliweka. Kikundi kilipaswa kunieleza hilo siku ya makubaliano, na hakikunieleza. Ulizeni ukumbi wenu kabla. Pili, sakafu ya vigae inateleza, na akina mama wanacheza miguu mitupu. Mmoja aliteleza, akanusurika. Tandikeni zulia au mikeka imara, ila isiwe nene, inameza kishindo. Tatu, nyimbo ni za Kinyakyusa, Kinyasa na Kingoni, na wageni kutoka kwingine waliachwa gizani. Mwenyekiti ana kipaji cha kueleza, nilikisikia pale sokoni, lakini ukumbini hakupewa hata dakika moja ya kipaza sauti. Ningekuwa napanga upya ningempa sentensi mbili kabla ya kila ngoma. Nne, DJ. Spika zikiwashwa nyuma ya ngoma za asili hakuna anayesikia chochote. Zimeni kila kitu. Ukumbi ukiwa wa watu mia mbili hawahitaji maikrofoni.

Pia magauni yao ya kihoda yamechoka. Vilemba ni vyeupe kabisa, magauni yameanza kuwa ya kijivu, na kwenye picha inaonekana. Niliwauliza, wakasema wanasubiri msimu huu wapate za kushona sare mpya. Kwa bei wanayotoza sishangai. Ukigawa laki nne na nusu kwa watu kumi na wanne, ukatoa ya kukarabati ngoma, kila mmoja anabaki na kitu kidogo sana kwa siku nzima ya kukanyaga. DJ mmoja, mwenye laptop, alichukua zaidi ya hiyo. Nimemwambia mwenyekiti apandishe bei, na nawaambia na nyinyi msiombe punguzo.

Video wanaruhusu, ila wanaomba waulizwe kabla ya kurusha mtandaoni, hasa za mchana. Mwanamke aliyecheza akiwa kati ya wanawake wenzake hajakubali kuonwa na mji mzima. Sisi tuliteua mtu mmoja wa kupiga picha za mchana, simu nyingine zikakusanywa kwenye kikapu, na hakuna aliyelalamika baada ya wimbo wa kwanza.

Wanapatikana zaidi Jumamosi. Baada ya Pasaka mpaka mwezi wa tisa wanajaa haraka, na wiki ya Nane Nane msiwategemee, huwa wako viwanja vya John Mwakangale. Kwaresima wanafanya mazoezi tu, na huo ndio wakati mzuri wa kwenda kupatana nao kwa utulivu. Ukienda Mwanjelwa, nenda asubuhi kabla wateja hawajawa wengi, uende na mtu wa upande wa mama wa binti, na uwe tayari kujibu maswali yao kabla hujauliza la kwako. Sisi tumeshawawekea nusu ya malipo kwa binti wa pili.